Mlango wa Verner

Verner Tollefsrud alitengeneza barafu kwa zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kujifunza kuteleza juu yake. Alitembea katikati ya uwanja wetu wa hoki kwa viatu vya mpira vyenye soli pana, hatua fupifupi, mikono mgongoni, kama mwenye nyumba anayekagua sakafu baada ya wapangaji asiowaamini kuhama. Mechi zilipoanza alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya mlango wa mashine, na aliyemtazama kwa makini aligundua kwamba macho yake hayakufuata mchezo. Yalifuata barafu. Goli likifungwa na watu elfu tatu wakainuka kwa kelele, Verner alikuwa angali anatazama mahali mfungaji alipokata kona, akinung'unika kwamba pamechimbika.

"Tumeshinda?" aliniuliza jioni moja nilipokuwa nakusanya vitambulisho vya waandishi wa habari.

"Nne kwa moja, Verner. Si ulikuwa umekaa hapo hapo?"

"Nilikuwa kazini," akasema.

Alizaliwa shambani, maili sita kutoka Tornberg, mtoto wa tano wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Baba yake ndiye aliyekimwagia maji kiwanja cha nyuma ya kanisa kila Desemba ili watoto wa mji wapate pa kucheza, na Verner alishika mpira wa kumwagilia maji wakati wenzake wakifunga kamba za viatu vya kutelezea. Alinieleza kwamba hakuchagua. Lazima mtu mmoja aushike mpira. Uwanja wenye paa ulipojengwa aliomba kazi ya kuendesha mashine ya kulainisha barafu, akaipata kwa kuwa hakutokea mwombaji mwingine aliyekubali kufanya kazi siku za sikukuu. Alijua maji ya moto huganda vizuri kuliko ya baridi, alijua siku ya ukungu kabla haujashuka, na kila asubuhi aliandika joto la barafu kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mlango wa stoo. Alikuwa na mke, Ardis, aliyefundisha piano, na binti aliyehamia Oregoni. Maisha yake yote yangetosha katika kurasa mbili za daftari lile lau nisingeyagusa.

Mimi ni Marit Engebo. Nilisoma historia katika Chuo cha Tornberg, nikabaki hapo, na wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka arobaini na mitano na kazi ya kuandaa mechi: marefa, tiketi, vyumba vya timu, fomu. Verner hakuwahi kuniita kwa cheo. Aliniita binti wa Halvor, kwa kuwa alimfahamu baba yangu kabla hajanifahamu mimi.

Mashine ya barafu huingia uwanjani kupitia mlango ulio kwenye kona, nyuma ya goli la mashariki. Miaka kumi na mmoja kabla ya mashindano ninayoyasimulia, bawaba ya chini ya mlango huo ililegea, na ukingo wake ukajitokeza ndani ya uwanja kwa unene wa kadi ya karata. Mahali pengine popote, kisahani cha hoki, ambacho huchezwa badala ya mpira, kikipigwa kifuate ukuta kitauzunguka ukuta hadi upande wa pili. Pale kiligonga ukingo ule, kikaruka kama kimetupwa na mkono wa mtu, kikatua mbele ya goli wakati kipa angali anatazama nyuma yake. Wageni waliona ni bahati mbaya. Vijana wetu, ambao huitwa Nungunungu, walifanya mazoezi ya bahati hiyo kila Jumatano. Mmoja alipiga, mwingine alisubiri penye mwamba wa goli, fimbo chini. Wanafunzi jukwaani waliona mpigaji anajiandaa, wakaimba, "Mlango! Mlango wa Verner!" na Verner aliposikia jina lake aliinamisha kofia.

Alichukia mambo hayo. Watu walidhani anaona haya kwa kusifiwa. Kumbe kwake mlango ule ulikuwa kasoro iliyopewa jina lake. Mara mbili aliandika barua kuomba bawaba mpya, na mara mbili Kocha Pelkey alimfuata hadi stoo, akamshika bega, akamsihi aachane nao. Verner alikubali kwa sababu uwanja haukuwa mali yake. Lakini kila alipopita pale aliugusa ule ukingo kwa kidole gumba, kama mtu anayegusa jino linalouma.

Mwaka ule mashindano ya kanda yaliletwa Tornberg: timu nne, mechi tatu, na mshindi aende fainali za taifa. Nungunungu walifuzu, lakini walipangwa wa tatu kwa ubora. Jumatatu ya wiki yenyewe niliingia kwenye mgahawa ambao wanaume wa mji hunywa kahawa na kutupa dadu kuamua nani alipe, nikawakuta wananisubiri. Orrin Kjos, muuza matrekta na mwenyekiti wa baraza la uwanja, alikuwa amekunja gazeti mbele yake.

"Marit, hebu nisaidie, mimi sikusoma chuo. Tunacheza na hawa Ashcombe kutoka Mashariki, kwetu, kwenye uwanja niliouchangia viti kwa mfuko wangu. Mwenyeji ni nani?"

"Ashcombe. Wamepangwa wa pili, sisi wa tatu."

"Kwa hiyo tuko nyumbani, lakini ni wageni."

"Kwenye karatasi."

"Na jezi nyeupe?"

"Watavaa wao."

"Na chumba chetu?"

"Watabadilishia wao. Na kocha wao ndiye atakayebadilisha wachezaji mwisho." Hilo ndilo lililowauma zaidi, kwa maana kocha mwenyeji hungoja mgeni aingize watu wake kwanza, kisha huchagua wa kuwakabili.

"Basi waje wachukue na kitanda changu," alisema Orrin. "Mke wangu Shirley atawaonyesha upande ninaolalia."

"Usiwafanyie hivyo, Orrin," akasema mmoja, "wale ni wageni wetu."

"Wenyeji! Si umesikia? Mimi ndiye mgeni. Lete kahawa, dada, mgeni ana kiu!" Walipomaliza kucheka Orrin aligeuka upande wa Verner, aliyekuwa anakunywa kimya mwisho wa meza. "Lakini kuna kitu kimoja hawatakichukua. Eti, Verner?"

Verner alitazama kikombe. Wote waligonga meza kwa vidole, polepole, kama wanavyofanya wanafunzi kabla ya kuimba.

Kesho yake alikuja mkaguzi wa kamati ya mashindano, mtu mpole kutoka Ohayo mwenye nyundo ya mpira. Alizunguka uwanja mzima akigonga mbao. Alipofika penye mlango aligonga mara mbili, akasema, "Safi," akaendelea. Kisha alinipa fomu niitie sahihi kabla ya asubuhi. Swali la kumi na nne liliuliza kama kuna kasoro yoyote ya uwanja ambayo mwenyeji anaijua na wageni hawaijui.

Ningeandika "hapana" na hakuna ambaye angejua. Badala yake nilikaa ofisini saa nzima nikijiona mwadilifu. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa aibu yangu haikuanza na uongo. Ilianza na uadilifu nilioupenda kupita kiasi. Niliona kwamba sisi tuliokuwa tukilalamikia jezi na chumba tulikuwa na mlango uliofunga magoli kwa miaka kumi na mmoja, na nikaona mimi peke yangu ndiye mwenye ujasiri wa kukiri. Nikashuka hadi stoo.

"Verner, ule mlango unaweza kukazwa?"

Aliweka chini kopo la mafuta. "Unaweza tangu mwaka alipozaliwa mjukuu wangu."

"Leo?"

"Kwa saa mbili. Bawaba mpya ninayo, niliinunua mwenyewe." Kisha akanitazama kwa kando. "Pelkey amekubali?"

"Niachie Pelkey."

"Binti wa Halvor. Pelkey anajua?"

"Nitamwambia leo hii."

"Maana vijana wake wanautegemea. Wakiambiwa mapema si kitu, watacheza vingine. Wasipoambiwa..."

"Leo hii, Verner."

Akachukua kisanduku cha vifaa. Sijapata kumwona amefurahi vile. Nilipokuwa napanda ngazi nilimsikia anapiga mluzi wimbo wa kanisani, akiuharakisha kidogo, na nyundo yake ikifuata mapigo.

Jioni ile niliandika "hapana" penye swali la kumi na nne, nikatia sahihi, na haikuwa uongo tena. Lakini sikumwambia Pelkey siku ile. Alikuwa amefura kwa sababu ya chumba, akipiga simu huku na huku, na nilijiambia kwamba nitangoja apoe. Jumatano nilikuwa na wapiga picha. Hizo ndizo sababu nilizojipa, na zote zilikuwa za kweli. Chini yake ilikuwepo nyingine ambayo sikuitazama: nilijua akiambiwa atakwenda kwa rais wa chuo, na mlango utalegezwa tena, na sahihi yangu itakuwa ya mwongo. Nilitaka haki itendeke bila mimi kusimama mbele ya mtu aliyekasirika.

Nilitegemea pia kwamba vijana watagundua wenyewe. Tangu Jumapili kamati ilikuwa imeuchukua uwanja, na Nungunungu walifanyia mazoezi kwenye uwanja wa sekondari. Lakini Alhamisi kila timu ilipewa saa moja kwenye barafu ya mashindano. Nilikaa juu nikitazama. Makocha wawili wa Ashcombe walikuwa safu ya mbele na madaftari yao. Pelkey aliwaona. Akawaita vijana katikati, akanong'ona, na kwa saa nzima hakuna aliyepiga kisahani hata kimoja kuelekea kona ile. Alikuwa anaificha silaha yake. Niliona jambo hilo, nikalielewa papo hapo, na nikabaki nimekaa. Alipopita kwenye ngazi alinikonyeza. "Hawajui kitu hao," akasema. Nami nikamwitikia kwa tabasamu.

Mechi ilichezwa Ijumaa alasiri. Hadi dakika mbili za mwisho ilikuwa mbili kwa mbili, na katika kipindi hicho cha tatu tulikuwa tunashambulia goli la mashariki. Kocha wa Ashcombe alitumia haki yake ya mwenyeji bila huruma: kila Pelkey alipoingiza watu wake bora, yeye aliwatuma mabeki wake wawili warefu. Hapakuwa na nafasi mbele ya goli. Ndipo nahodha wetu, kijana Aune, alipopata kisahani upande wa kulia, akainua kichwa, na jukwaa zima likajua. "Mlango! Mlango!" Mwenzake Soucy alikwisha kufika penye mwamba wa goli, fimbo chini, akiwa peke yake kabisa.

Aune alipiga vizuri. Kisahani kilifuata ukuta, kikafika mlangoni, kikapita. Kilipita laini kama kidole juu ya kioo, kikazunguka kona hadi kwenye fimbo ya mchezaji wa Ashcombe, na vijana wetu watatu walikuwa mbele mno kurudi. Ashcombe wakaja wawili dhidi ya beki wetu mmoja. Goli lilipofungwa upande wa pili, Soucy alikuwa bado amesimama pale pale, fimbo chini, akiutazama mlango.

Verner alitakiwa kulainisha barafu kwa ajili ya mechi ya pili. Alifungua mlango, ukafunguka bila mlio wowote, akaendesha mashine mbele ya watu elfu tatu waliokuwa wakimtazama yeye.

"Verner!" mtu akapaza sauti kutoka juu. "Umehamia Mashariki lini?"

"Mpeni jezi nyeupe mwenyeji!"

Aliendelea kuzunguka, raundi kumi na moja, akitazama barafu.

Pelkey alinikuta kwenye korido, nje ya chumba cha wageni tulichopewa. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Nani ameugusa ule mlango?"

Nilipanga upya fomu nilizoshika mkononi.

"Marit. Wewe ulijua?"

Nikasema, "Si unamjua Verner. Bawaba ile imemkera miaka yote hii."

Hapakuwa na neno la uongo katika sentensi ile. Nimeipima mara nyingi tangu wakati huo, neno kwa neno, na kila moja ni la kweli. Pelkey aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo, akaenda kuwaambia waandishi kwamba tulikuwa wageni nyumbani kwetu na kuna mtu aliyehakikisha iwe hivyo.

Tornberg haimpigii mtu kelele zaidi ya siku moja. Baada ya hapo humtendea kwa adabu tu. Jumanne Verner alipoketi mezani kule mgahawani, mazungumzo yaligeukia hali ya hewa na hayakutoka huko.

"Naona barafu ya ziwani itaondoka mapema mwaka huu," alisema Orrin.

"Huenda," alisema Verner.

"Haya."

Basi. Wakatupa dadu bila kumpa zamu. Mtu akaacha bawaba kuukuu ya kabati juu ya kiti cha mashine yake. Kanisani, chapati nyembamba za viazi alizotengeneza Ardis, ambazo kwa kawaida huisha kabla watoto hawajafika kwenye foleni, zilibaki kwenye sinia. Kisha ikaja huruma, nayo ikawa mbaya kuliko yote. Ikaanza kusemwa kwamba mzee amechoka. Kwamba ana miaka sitini na sita. Kwamba pengine alisahau mlango ule una maana gani. Mkataba wake ulihuishwa kila Mei kwa sauti moja, watu wakila keki. Mwaka ule ilinong'onwa kwamba baraza lingempa cheti cha shukrani badala yake.

Verner hakujitetea. Nilijaribu kuamini kwamba hajali. Nilijua fika kwamba ananisubiri mimi.

Ilinichukua wiki tano kufika nyumbani kwake. Ardis alinifungulia mlango, akaniketisha jikoni, akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Kwetu kitu hutolewa mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili hukataliwa kwa heshima, na ya tatu ndiyo hupokewa. Nikasema, "Hapana, msijisumbue." Ardis akarudisha birika mahali pake, akazima moto, akaketi. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na mitano katika mji ule na hapakuwa na aliyepata kuniuliza mara moja tu.

"Ulimwambia Pelkey?" aliuliza Verner.

"Hapana."

"Ulisema leo hii."

"Nilisema."

Alikuwa akisugua kucha zake kwa kitambaa. "Nami nikakaza skrubu huku napiga mluzi kama zuzu."

"Wananiuliza habari zako, Verner," alisema Ardis, ingawa alinitazama mimi. "Kwenye kwaya. Kwa sauti ya chini. 'Kichwa chake kinaendeleaje, Ardis?' Na huyu amesimama mstari wa nyuma yangu, anaimba."

"Nitasema kwenye kikao cha baraza," nikasema.

"Ni tarehe nane," alisema Verner.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa juu wa uwanja, dirisha likitazama chini ambako barafu ilikuwa imekwisha kuyeyushwa. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu. Orrin alifika kwenye ajenda ya sita, akakohoa.

"Sasa, Verner. Sote tunampenda Verner. Nadhani wakati umefika tumpumzishe kwa heshima, kabla halijatokea jambo lingine. Shirley ameulizia bei ya saa ya ukutani..."

Niliinua mkono. Niliwaambia kwamba mimi ndiye niliyemwagiza akaze mlango. Kwamba aliniuliza mara mbili kama kocha anajua. Kwamba niliahidi, na sikutimiza. Watu tisa walinitazama, Pelkey akiwa miongoni mwao, na nilijiandaa kupokea kile alichopewa Verner.

"Wiki ile ulikuwa hulali, Marit," alisema Orrin hatimaye.

"Na fomu ni fomu," akasema mwingine. "Ungedanganya kamati?"

Pelkey alikuwa amekunja mikono. "Ungeniambia, ningekukatalia."

"Najua."

"Basi ulifanya vizuri kutoniambia," akasema, na mtu akacheka, halafu wote wakacheka, kwa faraja, wakasogeza sahani ya keki upande wangu. Nilingoja dakika tano, nikidhani hukumu yangu itakuja. Haikuja. Verner alihukumiwa wiki sita bila kuulizwa swali. Mimi nilitafutiwa visingizio kabla sijaviomba, na walionitafutia waliviona kuwa ni haki tupu. Tulibishana sana mwaka ule kuhusu mwenyeji ni nani. Katika chumba kile haikuhitajika kamati kuamua. Verner alikuwa amezaliwa maili sita kutoka pale, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani.

Mkataba wa Verner ulihuishwa kwa sauti moja. Kisha Orrin aliinama karibu yangu. "Hilo lako si lazima liingie kwenye kumbukumbu, Marit. Limeisha." Nikaweka kalamu chini. Hata hilo nililifanya.

Niliwapelekea Verner na Ardis habari asubuhi iliyofuata. Verner alinisikiliza akiwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni.

"Agosti nitakuja kuweka barafu," akasema. "Na mlango utabaki kama ulivyo. Imeandikwa?"

"Mkataba? Ndiyo."

"Kuhusu mlango. Nani alisema ukazwe."

"Waliambiwa wote. Wanajua."

"Wanajua watu tisa. Nimeuliza kama imeandikwa."

"Haikuandikwa."

Ardis alitoa karatasi kutoka kwenye kiti cha piano na kuiweka mezani mbele yangu, pamoja na kalamu. Niliandika. Ardis alipomaliza kuisoma karatasi yangu kwa sauti, tangu "Kutokana na wingi wa majukumu" hadi "kutoelewana kulikojitokeza," Verner alisema, "Hiyo ina maneno mengi," naye akaniletea karatasi nyingine. Ya pili alisoma hadi mstari wa pili tu, akairudisha. Ya tatu niliandika hivi: Mimi, Marit Engebo, nilimwagiza Verner Tollefsrud akaze mlango. Aliniuliza kama kocha anajua, nikaahidi kumwambia, sikumwambia.

Hapo palitosha. Ndiyo yote waliyokuwa wanayajua, na ndiyo niliyoyasema kwenye baraza. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Nikaongeza: Kocha aliponiuliza nani ameugusa mlango, nilimsingizia Verner.

Ardis alisoma kwa sauti hadi hapo, akairudisha karatasi mezani.

"Hilo la mwisho silijui," alisema Verner.

"Alifikiri..." nilianza.

"Ulimwambia nini hasa?"

Nikamwambia. Jikoni mle, mchana mweupe, ile sentensi yenye maneno ya kweli matupu ilisikika jinsi ilivyokuwa. Verner alivuta kiti, akaketi, kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia. Alionekana mzee. Nilikuwa nimemwona akizunguka na mashine mbele ya uwanja mzima na hakuonekana hivyo.

"Kufikia Jumanne walikuwa wamekwisha kuamua," akasema. "Nilikuwa najiuliza ni nani aliyewaambia kwamba nilitaka mwenyewe."

"Verner, naomba..."

"Andika hayo maneno yenyewe. Kama ulivyoyasema."

Nikaandika, chini ya mengine, nikatia sahihi na tarehe. Ardis aliipuliza karatasi ingawa wino ulikuwa wa kalamu ya kawaida, akachukua koti lake msumarini. Alisema ataibandika kanisani, kwenye ubao wa matangazo, kati ya zamu za usafi na habari za mayai ya kuuza. Verner hakumzuia. Alikuwa anatazama dirishani, mikono juu ya magoti.

Ardis alifika mlangoni, akapapasa mifuko ya koti, akageuka.

"Marit," akasema, "una pini?"

Nilikuwa nazo kwenye mkoba, zile za kubandikia ratiba za mechi. Nikamhesabia nne.